Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Kinondoni. Kuacha maabara yako ya vipimo na kuja kukaa nasi kwenye jua hili la saa nane si jambo dogo. Tunashukuru.

Mheshimiwa, klabu hii ilizaliwa na homa. Mwenzetu mmoja aliumwa viungo, kichwa, na macho kwa nyuma. Kituoni wakampima malaria, haikuonekana; akaambiwa ni homa tu. Akapitia duka la dawa, akanunua diklopa, dawa ya maumivu. Baadaye tulisoma kwamba mwenye dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, akimeza dawa hiyo, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Mgonjwa huyo ni mimi niliyesimama mbele yako. Nilipona, ila hadi leo sijui niliumwa nini.

Dengue si mgeni Dar es Salaam: ilitusumbua 2014, ikarudi kwa kishindo 2019. Chikungunya, homa nyingine ya virusi vya mbu, nayo ina jina la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu, tangu mlipuko wa 1952 huko kusini. Jina tumelitoa sisi, lakini kipimo chake hukikuti kwenye zahanati ya mtaani.

Tulidhani kutengeneza kipimo ni kazi nyepesi. Kumbe siku zina mambo yake. Homa ikiwa changa, virusi vya dengue na protini yake, NS1, vimo kwenye damu, na vipimo huvinasa. Mgonjwa akija baada ya wiki, mara nyingi vimeshapungua. Hapo hutafutwa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, za aina ya IgM, ambazo huanza kuonekana kama siku ya tano. Tena virusi vya dengue, Zika na homa ya manjano ni ukoo mmoja: kingamwili za mmoja huweza kushika protini za mwenzake, na hata chanjo ya homa ya manjano huweza kuvuruga jibu. Mtengenezaji analazimika kusaka kipande cha protini ambacho ndugu wengine hawana.

Kwa hiyo tunaomba vipimo vipya vijaribiwe pia kwa damu ya watu wa hapa, walioumwa na mbu tangu utotoni, ambao huenda tayari wana kingamwili za ukoo huo. Pia utupokee maabara kwako wakati wa likizo, tuione PCR, mbinu ya kunasa vinasaba vya virusi, ikifanya kazi. Tumeichora ubaoni mpaka chaki zimeisha. Matairi yenye maji nyuma ya stoo tutayaondoa wenyewe, maana Aedes, mbu anayeeneza dengue, huuma mchana, tena tukiwa darasani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.