Barua ya wazi kwa vijana wa asasi: msaada huamuliwa na wapiga kura

Wanangu mnaofanya kazi kwenye asasi za kiraia,

Mmeniudhi. Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba ifikapo 2027 nchi yake itashusha msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3, fedha ziende kwenye ulinzi. Kwenye kikao chetu nikauliza: nani ameshawaandikia wabunge wa kule, akawaeleza zahanati ipi itakosa dawa gani? Kimya. Mliosimama mlizungumzia mikataba yenu ya ajira.

Wengine wenu hamkuwa mmezaliwa tarehe 16 Mei 1998, wakuu wa G8, kundi la mataifa manane makubwa, walipokutana Birmingham, Uingereza. Watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji, wakidai nchi maskini zifutiwe madeni. Ile ilikuwa kampeni ya Jubilee 2000. Mashirika ya misaada hayakujifungia ofisini. Yaliungana na makanisa na vyama vya wafanyakazi, yakawafikia watu wa kawaida, nao wakaandika kadi kwa wanasiasa wao. Waziri anaweza kuiweka kando ripoti ya mtaalamu. Kadi za watu watakaompigia kura haziweki kando. Mwaka uliofuata, wakuu haohao walipokutana mjini Cologne, Ujerumani, nafuu ya madeni ikapanuliwa. Tanzania ilipata yake Novemba 2001, mwaka uleule ada ya shule ya msingi ilipofutwa, na madarasa yakafurika watoto waliokuwa wamekaa nyumbani miaka mingi. Huenda nawe unayesoma barua hii ulikuwa mmoja wao, mwanangu. Watu usiowajua walikusemea.

Mwaka 2015 mashirika ya Uingereza yalipata hata sheria inayoitaka serikali yao itoe asilimia 0.7 ya pato la taifa kwa msaada wa nje. Mwaka 2021 serikali ilishuka hadi 0.5, Bunge likaridhia kwa kura 333 dhidi ya 298, ingawa sheria ya 0.7 bado ipo. Kwa maoni yangu, mashirika yalizoea milango ya mawaziri yakaiacha ile ya waumini na wafanyakazi. Tena mengi hupokea ruzuku ya serikali hiyohiyo, na anayekulisha ni vigumu kumkemea.

Kwa hiyo tunzeni takwimu zenu. Andikeni mapema, msisubiri kukatiwa. Kamati ya Bunge la Uingereza inayosimamia maendeleo ya kimataifa hupokea ushahidi wa maandishi, upelekeni. Msikubali kusemewa na watu wa London peke yao.

Na hapa nyumbani je? Mwaka 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mbona huko hampigi hodi? Mbunge wenu mnamjua kwa jina. Mwendeeni kabla ya Bunge la bajeti.

Mzee wenu