Babu Yako Amezikwa Wapi?

Msambweni, Kwale

Swahiba yangu Khamis,

Salaam nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani. Huku sote wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho limenifanya nisikawie kujibu. Umeuliza kama ni kweli huku kwetu Kenya mtu anazaliwa, anasoma, anaoa na kuzika wazazi wake, na bado serikali haimtambui. Ni kweli, Khamis, na wengine ni majirani zangu.

Kuna binti hapa mtaani, nimemfundisha tangu kidato cha kwanza. Mama yake Mdigo, mwenyeji, ana kitambulisho chake. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi, na wazee wake walitoka Pemba na mashua zao enzi ambazo pwani hii haikuwa na mpaka wa kumsumbua mvuvi. Alipotimiza miaka 18 nilimsindikiza kwenda kuomba kitambulisho. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mama na barua ya shule, vyote ndani ya mfuko wa plastiki visilowe. Tukakuta wazee watatu wamekaa kwenye benchi na daftari, wanapiga watu msasa, yaani kuwachunguza kama ni Wakenya kweli. Wakamuuliza nyumbani wanasema lugha gani, na ukoo wa baba ni upi. Kisha mmoja akamtazama usoni akamuuliza: "Baba ya baba yako amezikwa wapi?" Akajibu, "Vanga, hapa hapa Kwale, kaburi liko." Mzee akaandika kitu, akafunga daftari, akamwambia akalete karatasi za babu.

Babu alikufa hana karatasi yoyote. Angezitoa wapi?

Linaloniudhi ni kwamba sheria iko wazi. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia. Mmoja anatosha. Ibara ya 12 inampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Soma ibara zote mbili mwanzo hadi mwisho, hutaona zikidai kabila wala kaburi. Basi binti huyu ni Mkenya kwa mama yake, jambo limekwisha. Lakini pale kwenye benchi mama hakuulizwa hata swali moja.

Najua utaniuliza kuhusu Wamakonde, maana habari yao ilifika hadi kwenu. Wazee wao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengi waliobaki Kwale walikata miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kiwanda kikafa, wao wakabaki na watoto na wajukuu, hawana kitambulisho. Na huku, Khamis, bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata pesa zako za M-Pesa zinakaa kwa jina la mtu mwingine. Hufungui akaunti benki, hupati hatimiliki ya shamba, hupigi kura. Polisi akikusimamisha usiku, unatoa ulichonacho mfukoni ama unalala ndani.

Oktoba 2016 wakachoka. Mamia wakashika njia kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais Uhuru Kenyatta, wengine vikongwe, wengine wanawake wenye watoto mgongoni. Polisi waliwazuia njiani, hawakurudi. Wakafika, Rais akawapokea, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilifurahi mno, na bado nafurahi. Nawajua watu waliopiga kura mara ya kwanza mwaka ule wakiwa na mvi.

Lakini tazama walivyoingizwa. Ili wawe raia ilibidi kwanza wawe kabila. Baadaye Washona, ambao wazee wao walikuja na kanisa lao kutoka nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, nao wakangojea tamko lao. Wapemba wakapata lao 2023, na baba wa binti huyu hakuliwahi. Wanyarwanda na Warundi ambao wazee wao waliletwa kuchuma chai Kericho wamengojea miaka mingi. Kila jamii inasubiri rais aje apande jukwaani atamke jina lake. Mimi sioni kwamba uraia ni zawadi ya jukwaani. Na yule ambaye jamii yake ni nyumba tatu tu, hana mamia wa kuandamana nao hadi Nairobi, nani atamtamka?

Wanubi wa Kibra nao, babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, wakitolewa Sudan. Wamekaa Nairobi zaidi ya karne, na mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia haki watoto wao kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika. Uamuzi wenye nguvu, na bado kijana wa Kinubi aliendelea kupangwa foleni ya wazee wakati mwenzake wa darasani amemaliza na kwenda zake.

Nisimdhulumu mtu. Hofu ya serikali nailewa. Tumepigwa na al-Shabaab, tumezika wanafunzi wa Garissa mwaka 2015, na karani anayetoa kitambulisho kwa mtu asiyemjua anabeba mzigo. Lakini msasa haukumzuia mwenye pesa, kila mtu huku anajua hivyo. Uliwazuia maskini. Kaskazini Mashariki kuna maelfu ya Wakenya ambao wazazi wao waliwaandikisha kambini kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula. Wakakua, wakatoa alama za vidole kuomba kitambulisho, kompyuta ikasema huyu ni mkimbizi. Mtoto aliyeandikishwa kwa sababu ya njaa akaadhibiwa ukubwani.

Rais Ruto ametangaza kufuta msasa huu wa ziada, na Februari 2025 akatia saini tamko hilo Wajir. Nimelipokea kwa moyo mweupe. Ninachotaka kuona ni tamko hilo likifika kwenye benchi la wazee, kwa sababu huko ndiko nchi inakokutana na mwananchi. Kama karani ana shaka na mtu, yeye ndiye atafute ushahidi wa shaka yake. Asimtume msichana wa miaka 18 akafufue wafu.

Sasa nawe nijibu la kwako. Tanzania mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao, jambo ambalo nchi chache sana duniani zimethubutu. Uko Mpanda, Katumba si mbali nawe. Watoto wao ulio nao darasani wanapata namba ya NIDA, ya kitambulisho chenu cha taifa, kama wenzao, ama nao huulizwa babu alitoka wapi? Niandikie unachokiona kwa macho yako, usiniandikie cha gazetini.

Jumatatu narudi na binti yule ofisini. Safari hii mama yake anakuja nasi, na nimechapisha Ibara ya 14 kwa Kiswahili, herufi kubwa. Nafasi ya chuo cha uuguzi haimngoji. Tukipata jawabu nitakupigia jioni ileile.

Msalimie sana mama, na mwambie achari ya embe iko tayari, naitafutia mtu wa kuileta.

Wako,
Juma