Mkija kuchukua sanduku: barua ya wazi kwa vijana wa mkesha wa soul

Wanangu wa Manchester, Leeds na Bradford,

Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikichambua mchele, mara ya pili nimekaa kitako. Mmenimwagia malalamiko matatu kwa pumzi moja. Mzee mmoja kawafokea kwa kuweka glasi ya bia pembeni mwa sakafu. Dijei kakataa kuwapigia wimbo kwa sababu mlikuwa nao kwenye simu na si kwenye santuri. Na mama mmoja kawaambia mmekuja shughuli imekwisha. Sasa mnataka kujitenga, mwanzishe mkesha wenu wenyewe, na mnaniomba baraka. Nawajibu hadharani, maana najua si ninyi tu mliorudi nyumbani na kinyongo.

La glasi tulimalize: mlikosea. Soli ya ngozi juu ya mbao iliyolowa bia ni mguu uliovunjika. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na saba, najua ninachosema. Mwombeni radhi mzee wa watu.

Hayo mengine mawili yanataka hadithi, nivumilieni.

Nilitoka Dar es Salaam mwaka 1973 kuja kusomea uuguzi Lancashire, na soul, muziki wa Weusi wa Marekani, nilikuja nayo masikioni. Nilikuwa msichana wa shule pale muziki huo ulipopigwa marufuku mkoa wa Pwani, mwishoni mwa 1969, na kama mjuavyo, kitu kikishapigwa marufuku ndipo msichana wa shule anapokitafuta. Kwa hiyo muuguzi mwenzangu aliponiambia kwamba kuna mji wa makaa ya mawe ambako vijana wa viwandani hukesha wakicheza soul hadi asubuhi, nilidhani ananitania. Mji wenyewe ulikuwa Wigan, ukumbi ukiitwa Casino, na mkesha wa kwanza ulikuwa umefanyika tarehe 23 Septemba 1973. Milango ilifunguliwa saa nane usiku. Tulitoka zamu, tukajilaza kidogo na sare zetu, tukadandia gari la kaka yake.

Nikwambieni nini? Nje barafu, ndani joto la tanuri, jasho linapanda darini na kurudi kutudondokea. Pombe haikuuzwa. Vidonge vya kuzuia usingizi vilikuwepo, sitawaficha, na wapo niliokutana nao ukumbini Jumapili nikawapokea wodini Jumatatu. Poda ilimwagwa sakafuni ili viatu viteleze. Wavulana walivaa suruali pana kuliko bugaluu zetu za Dar, wakizunguka kama pia, wakianguka chali na kuinuka kabla pigo halijawakimbia. Weusi tulihesabika kwa vidole. Kuna mmoja aliniuliza kama namfahamu Major Lance, mwimbaji wa Chicago. Nikamjibu ni mjomba wangu. Akaninunulia soda.

Sasa tupige hesabu. Santuri nyingi zilizotuchezesha mwaka ule zilirekodiwa Detroit, Chicago na Los Angeles katikati ya miaka ya sitini. Yaani zilikuwa na umri wa miaka minane, labda tisa. Hazikuwa za kale hata kidogo, zilikuwa zimedoda tu sokoni. Wamarekani walishahamia kwenye funk, muziki wa mdundo mzito zaidi, na sisi huku tukawa tunaokota walichokiacha ghalani. Hata jina la ngoma yetu, Soul ya Kaskazini, lilitokana na tabia hiyo. Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London, aliona washabiki wa mpira kutoka kaskazini mwa England wakiingia dukani kwake bila kutaka wimbo wa wiki hii; wanataka ule wa juzi. Mwaka 1970 akawaandika kwa jina hilo katika jarida la Blues & Soul, na jina likaganda.

Leo santuri zilezile zimefika miaka sitini. Anayewaambia mmechelewa amesahau kwamba naye alichelewa. Alifika kwenye karamu ya Weusi wa Marekani vyombo vikiwa vimeshaoshwa, na hakuna aliyemfukuza mlangoni.

Tulikesha kwa sababu hatukujua wimbo unaofuata. Hilo ndilo ambalo mkiangalia video za zamani hamtaliona. Dijei alikuwa kama mvuvi, anarudi na kitu ambacho hakuna mwingine bandarini anacho, na ili wenzake wasikijue alibandika karatasi juu ya lebo na kuandika jina la uongo. Wimbo wa Frank Wilson, “Do I Love You (Indeed I Do)”, uliorekodiwa na kampuni ya Motown mwaka 1965 kisha ukaachwa, tuliucheza Wigan tukiambiwa mwimbaji ni Eddie Foster. Tulimshangilia mtu kwa jina la mwingine. Mwaka 2009 nakala moja ya santuri hiyo iliuzwa pauni 25,742, na mwaka 2020 nakala ikauzwa pauni 100,000. Frank Wilson alifariki 2012. Hizo hela zilitoka mkononi mwa mkusanyaji zikaingia mkononi mwa mkusanyaji.

Kuzeeka kwa ngoma yetu kulianza mapema kuliko watu wanavyodhani, tukiwa bado na magoti mazima. Kule Blackpool, kwenye Highland Room ya ukumbi wa Mecca, madijei Ian Levine na Colin Curtis walianza kupiga soul mpya ya miaka ya sabini. Wigan tukakataa, tukashikilia kasi ya miaka ya sitini. Ilifika watu wakavaa beji za kutaka Levine aondoke! Mimi nilikuwa upande wa Wigan, nilibishana mpaka sauti ikakauka, na leo nakiri kwamba Blackpool walikuwa na hoja. Maana sisi tulioshikilia kasi tulifika mahali tukawa tunapiga chochote kilichokwenda mbio, hata muziki wa vipindi vya televisheni, mradi miguu isisimame. Tulibaki na mwendo, roho ya wimbo ikatutoka.

Kisha kamera. Mwaka 1977 televisheni ya Granada ilikuja kurekodi, baadaye watu wakaanza kuja kututazama tunavyozunguka. Ngoma ikivuma sana hupasuka, bibi yangu alikuwa akisema, ingawa hii haikupasuka kwa kishindo. Ilipwaya polepole. Casino ilifunga tarehe 6 Desemba 1981. Asubuhi ile zilipigwa zile santuri tatu za kufungia, tulizoziita tatu kabla ya saa mbili, zikapigwa tena na tena kwa sababu watu waligoma kutoka. Mwaka uliofuata jengo likashika moto. Mkienda leo mtakuta maduka ya Grand Arcade. Nilinunua soksi humo.

Nimewatajia Wigan kwa urefu kwa sababu ndiyo kila mtu anayoizungumzia. Lakini waliookoa jambo hili ni watu ambao hakuna anayewatengenezea fulana. Viwanda vilikuwa vinafungwa, wenzetu wameoa, wameuza santuri zao kulipia kitanda cha mtoto, ndipo wachache wakaenda Stafford, ukumbi wa Top of the World, kuanzia 1982 hadi 1986. Pale ulikuwa hukuti nyimbo za kukumbushana. Madijei walichimba upya miaka ya sitini ileile, wakatoa nyimbo ambazo Wigan haikuzijua, nyingine za mwendo wa taratibu zilizowaudhi wengi. London nako, Ady Croasdell aliyekuwa akiendesha mikesha ya 100 Club tangu 1980, akishirikiana na lebo ya Kent, alizama kwenye maghala ya kampuni za Marekani akaibuka na kanda ambazo hazikuwahi kutolewa. Fikirieni: wimbo wa 1966 unasikika ukumbini kwa mara ya kwanza miaka ishirini baadaye, na haujawahi kuwa wa mtu. Hauna kumbukumbu ndani yake. Mnaanza nao sawa, mzee na kijana.

Miaka ya tisini wale waliouza wakarudi. Watoto wamekua, ndoa nyingine zimekufa, kuna hela kidogo ya kuachishwa kazi. Walirudi kwa furaha ya kweli, niliwakumbatia mlangoni, ila hawakurudi kuutafuta wimbo wasioujua. Walirudi kuutafuta umri wao wa miaka kumi na tisa. Wakazijaza kumbi, wakapandisha bei za santuri, na dijei akitoka nje ya orodha ya nyimbo wanazozijua wanakwenda kukaa. Orodha ikafungwa hivyo, bila kikao.

Hapo ndipo mlipotukuta. Siku hizi tunaanza saa moja jioni, saa sita usiku tuko kwenye teksi. Poda imezuiwa kumbi nyingi. Nyonga mbili za chuma naweza kuwaonyesha kwenye meza moja. Na kuna jambo ambalo mgeni halioni: nyimbo zimeanza kuwa na marehemu. Yule mwenzangu aliyenipeleka Wigan tulimzika miaka sita iliyopita, na jeneza lilipokuwa linaondoka ilipigwa moja ya zile tatu za kufungia. Tangu hapo siwezi kuucheza wimbo ule. Nasimama tu ukutani. Sasa kijana akipita mbele yangu na simu anarekodi, nami simjui, naye hajui nimesimama na nani, ni rahisi kutoka neno kali. Yule mama aliyewaambia shughuli imekwisha, nadhani alikuwa anazungumza na mtu mwingine.

Hata hivyo sitaki muwe wapole kupita kiasi. Kuna neno la uchungu na kuna neno la dharau, na ninyi mkiwa Weusi kwenye ukumbi uliojaa Wazungu wa umri wangu mtajifunza kuyatofautisha kwa macho ya msemaji. La kwanza lipokeeni. La pili, mtafuteni mwenye ukumbi, na akishindwa, chukueni makoti yenu. Beji ya Soul ya Kaskazini wanayoivaa ina ngumi ya Weusi wa Marekani, wakumbusheni.

Kuhusu dijei aliyekataa simu yenu. Sharti la santuri halisi lina mizizi. Kulikuwa na watu waliochapisha nakala za wizi kwa maelfu, mwimbaji kule Detroit asiambulie hata senti, na sharti lile liliwaheshimisha waliotafuta kwa jasho. Lakini nakala halisi nayo haimlipi mwimbaji anapobadilisha mikono, mmeona ya Frank Wilson. Nimewasikiliza wenye masanduku ya bei ya nyumba wakipiga usiku mzima mbaya, na mwenye santuri ya pauni elfu si lazima awe na masikio ya pauni elfu. Kwenye mkesha wenu amueni wenyewe. Mimi ningewataka jambo moja tu, kwamba kila wimbo ukiisha jina la mwimbaji litajwe, kwa sauti, na mji alikotoka. Sisi tulificha majina. Ninyi yatajeni.

Basi anzisheni. Baraka mnazo. Ila msivae suruali zetu. Nimeona picha yenu moja mkijaribu, mnafanana na watu waliotumwa kuigiza. Sisi tulivaa hivyo kwa sababu ndivyo vilivyokuwa madukani na vilituruhusu kurusha mguu. Vaeni vinavyowaruhusu kurusha mguu. Na orodha yetu msiikariri. Mnaweza kuwa na usiku wenye nyimbo mia ambazo kila mtu anazijua na ukawa mzuri, lakini ule wa pili utakuwa umepungua kidogo, na wa tatu, na hamtajua kitu kimekwenda wapi. Kila saa wekeni wimbo ambao hata mwenzenu kwenye mashine haujui, na sakafu ikihama, vumilieni dakika tatu. Zinapita.

Mmeniuliza kama mchanganye na zilipendwa za nyumbani. Ukichezeka, pigeni. Ukiwa umewekwa ili kupeperusha bendera, miguu itajua kabla ya vichwa. Mimi mwenyewe sioni bendi ya NUTA Jazz ikikaa vizuri baada ya ngoma ya haraka ya Detroit, lakini nilimpinga Levine pia, kwa hiyo msinisikilize sana hapo.

Na msituhame moja kwa moja. Mara moja kwa mwezi njooni kwetu, hata kama muziki mnaujua. Tunao wazee wanaoweza kukuambia santuri imerekodiwa studio gani kwa kusikia ngoma zinavyolia, na hakuna aliyewahi kuwauliza wayaandike. Wao wanahitaji watu wa kusukuma meza usiku ukiisha.

Mimi sanduku langu limeniwia zito. Lina santuri kama mia mbili, hakuna ya pauni elfu humo, msije na tamaa. Ni lenu. Moja haina lebo kabisa. Mtu aliikwangua, nikainunua sokoni mwaka 1978 kwa peni hamsini kwa sababu muuzaji hakujua ni nani. Mwanamke anaimba, kwa nyuma kuna tarumbeta, na katikati anacheka kidogo kama kuna mtu aliyeingia studio. Mjukuu wangu aliiwekea simu isikilize, simu ikakaa kimya. Nimeicheza peke yangu jikoni miaka yote hii.

Njooni Jumamosi mchana, wawili wenye mgongo mzima, kwani lifti ya jengo letu imeharibika tena na mimi niko ghorofa ya tatu. Pilau litakuwepo. Hiyo isiyo na lebo ipigeni usiku wa kwanza, na kama yupo mtu ukumbini atakayemtambua yule mwanamke, nipigieni simu saa hiyohiyo, hata ikiwa saa tisa usiku. Nilizoea zamu.

Mama yenu,
Bolton