Mkunga alibeba lawama yangu, na sasa nina mimba nyingine

Mama Mshauri, shikamoo.

Naomba jina langu lisitajwe, wala kituo cha afya ninachokieleza, kwa sababu mtaa wetu uko juu kidogo ya mji wa Moshi, pale lami inapoishia na migomba inapoanza, na watu wa huko wakisoma habari ya jirani huitambua hata ikiandikwa kwa mafumbo. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike aliye darasa la kwanza, na hivi sasa nina mimba ya miezi sita. Hii ni mimba ya tatu. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mimba ile niliilea katika kituo cha afya cha kata yetu, mikononi mwa muuguzi mkunga mmoja tangu hudhurio la kwanza hadi la mwisho. Si mtu wa Kilimanjaro. Kwao ni Songea, na sisi tulizoea kumwita Sista. Alinipima presha, mkojo na wingi wa damu, akanipa vidonge vya kuongeza damu na vya kukinga malaria kama wanavyopewa wajawazito wote, lakini kilichonifanya nimwamini ni kwamba alikuwa na subira ya kueleza. Tangu mimba ilipofika miezi saba, kila nilipokwenda alirudia maneno yale yale mbele ya benchi zima la akina mama: mtoto akipunguza kucheza usimsikilize mtu, usilale nyumbani, njoo hata usiku wa manane. Alisema pia kwamba ile habari ya mtoto kutulia anapokaribia kuzaliwa haina ukweli, kwani mtoto mzima huendelea kucheza mpaka siku ya uchungu. Nilimsikia. Naomba ulishike hilo, Mama, kwamba nilimsikia.

Ilikuwa Julai 2023, mimba ikiwa na wiki 37. Alhamisi nilikwenda kliniki, Sista akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akaandika 142 kwenye kadi yangu, akaniambia nirudi baada ya wiki moja. Usiku ule mtoto alicheza hadi nikashindwa kulalia upande wa kushoto. Ijumaa asubuhi, nikiwa nimeinama napepea jiko la mkaa, alinipiga teke chini ya mbavu, teke ninalolikumbuka kwa sababu nilicheka peke yangu jikoni. Hilo ndilo lilikuwa la mwisho. Ijumaa jioni sikusikia kitu, na Jumamosi kutwa sikusikia kitu. Nilimweleza mama mkwe, naye akanishika tumbo, akasema mtoto anajikusanya kwa ajili ya safari, kwamba yeye amezaa saba na wote walitulia hivyo hivyo, na kwamba baridi hii ya Julai humfanya hata mtoto wa tumboni ajikunyate, hivyo ninywe uji wa moto nilale. Simu nilikuwa nayo, nauli ya bodaboda nilikuwa nayo, na kituo kiko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nikanywa uji, nikalala.

Tulikwenda kituoni Jumapili baada ya ibada, na Sista ndiye aliyekuwa zamu. Aliniuliza mtoto aliacha kucheza lini. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, nami nilikuwa na aibu ya mtu aliyeonywa mara nyingi na bado akalala nyumbani, basi nikajibu: jana usiku. Alichukua kile kifaa chao kinachofanana na tarumbeta ndogo, akakiweka tumboni, akatega sikio, akakihamisha mara nne. Huku akisikiliza alikuwa amenishika kifundo cha mkono, nikadhani ananipa moyo. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba alikuwa akihesabu mapigo yangu mimi, ili asije akayadhania kuwa ya mtoto. Daktari alipigiwa simu, akaja, akapima kwa utrasaundi, kisha akakigeuzia kioo cha mashine ukutani kabla hajasema neno.

Usiku huo nilianzishiwa uchungu kwa dawa. Zamu ya Sista iliisha, mwenzake akaja kumpokea, naye hakuondoka. Alinikanda mgongo, alinipa chai kwa kijiko, na pale nilipopiga kelele kwamba nasukuma kwa ajili ya nini, hakunikemea. Nilijifungua Jumatatu alfajiri, mtoto wa kiume wa kilo 2.8. Sista aliniuliza kama nataka kumwona, akasema wapo wanaotaka na wapo wasiotaka, na hakuna kosa katika lolote kati ya hayo. Nilitaka. Akamfuta taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamfunga katika kanga yangu, lakini kabla hajamfunika miguu niliona kwenye kisigino kimoja ngozi imeanza kubanduka, nyembamba kama utando wa juu ya maziwa. Sista naye alikuwa anakitazama kisigino hicho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Ulisema Jumamosi usiku, mdogo wangu?” Nikasema ndiyo. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaandika Jumamosi usiku.

Mtoto alizikwa siku ile ile kwenye kihamba, yaani shamba letu la ukoo, karibu na mgomba, na wanawake watatu wa ukoo, bila matanga. Mama mkwe alinipikia mtori kama anavyopikiwa mzazi yeyote, nami nikaunywa kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Siku ya tatu maziwa yalijaa. Kati ya watu wote waliokuja kuniambia kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, Sista peke yake ndiye aliyekuwa amenitahadharisha kuhusu maziwa, akanielekeza nisikamue, nivae sidiria ya kubana na kuweka kitambaa cha maji baridi, na siku hiyo ya tatu alinipigia simu kuuliza kama yametoka.

Lawama ilianza kabla wiki haijaisha. Sijui ilianzia kinywani mwa nani, ingawa nakisia, lakini ilipofika kwa mume wangu ilikuwa imekwisha kuwa habari kamili: mtoto alikuwa amekufa tangu Alhamisi, na mkunga aliandika 142 bila kusikiliza, akili yake ikiwa kwenye simu. Mume wangu aliandika barua ya malalamiko, na mwezi Agosti kamati ya kituo ikakaa. Ile ngozi ya kisigino, ambayo kwa mtu wa kazi ingeonyesha tu kwamba mtoto alifariki saa nyingi kabla ya kuzaliwa, bila kuonyesha ni siku gani, ikageuzwa kuwa ushahidi wa kummaliza Sista, kwani kama alikufa siku nyuma, basi ni hiyo Alhamisi. Mama, duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba mtoto yule alicheza usiku wa Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa, na mtu huyo alikuwa ameketi nyuma ya mume wake, ameinamisha kichwa, wajumbe wakidhani ni majonzi. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikatikisa kichwa.

Sista hakufukuzwa kazi. Aliondolewa kliniki ya wajawazito na chumba cha kujifungulia, akawekwa kwenye chanjo karibu mwaka mzima, na mtaani akabandikwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Baadhi ya wajawazito wakaanza kupanda daladala kwenda mjini kufuata vipimo vilivyopo jirani na nyumba zao. Husikia redioni kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka nchini, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na watu wanapongezana, nami nawaza kwamba walioishusha hesabu hiyo ni watu wa aina yake, na mmoja wao nilimtoa kazini mwake kwa kutikisa kichwa.

Sasa nije kwenye mimba hii. Mume wangu alisema kituoni hatutarudi, hivyo nahudhuria hospitali mjini. Kwenye kadi kuna sehemu ya vidokezo vya hatari, na muuguzi aliweka alama kwenye mstari wa kuwahi kuzaa mtoto mfu, akanieleza kwamba kwa sababu hiyo nitafuatiliwa kwa karibu na nitajifungulia hospitali. Kwa hilo sina ubishi, na nadhani hata Sista angenielekeza hivyo hivyo. Lakini daktari aliyetaka kujua chanzo cha kifo cha yule mtoto aliniuliza aliacha kucheza lini na nilichukua muda gani kufika kituoni. Mume wangu alikuwa kwenye kiti pembeni yangu. Nikajibu tena: Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi nikawahi. Daktari akaandika. Kwa hiyo uongo wangu umehamia kwenye faili jipya, na mtoto huyu analindwa kwa kutumia maelezo yasiyo ya kweli.

Wiki tatu zilizopita nilipanda daladala kutoka Kiboriloni kwenda stendi, nikakuta nafasi moja tu, na nilipokwisha kukaa ndipo nikatambua kwamba jirani yangu ni Sista. Alikuwa na mfuko wa nyanya mapajani. Alinisalimu, akatazama tumbo langu, akauliza, “Anacheza?” Nikasema, “Anacheza, Sista.” Akasema, “Haya, mshukuru Mungu,” kisha akatazama dirishani. Nilimwambia konda anishushe kituo cha mbele, nikatembea kwa miguu hadi mjini. Nimesikia kwamba amekwisha kurudishwa kliniki ya wajawazito. Kinachoninyima usingizi ni kwamba naamini alijua tangu alfajiri ile. Alikiona kisigino, akanipa nafasi ya kusema kweli, na niliposhindwa hakunibana, akaandika maneno yangu kama nilivyoyatamka, na hata mbele ya kamati alieleza kazi yake tu, hakusema kwamba nilichelewa.

Mtu pekee niliyemfungulia moyo ni shangazi yangu wa Kibosho. Yeye ameniambia nichume isale niende nalo kwa Sista, kwa kuwa kwetu Uchagani mkosaji akija na jani hilo, hata aliyekosewa sana hawezi kumfungia mlango. Nimelifikiria. Lakini Sista ni mtu wa Songea, na kwake isale labda ni mmea wa mipaka ya shamba tu. Na hata kama angelielewa, jani hupelekwa nyumbani kwa mtu, kimya kimya, wakati mimi nilimkosea mbele ya kamati na mtaa mzima ukapokea matokeo. Naogopa kwamba nikimwomba msamaha sebuleni kwake nitakuwa nimejitua mzigo mimi, na yeye ataendelea kuubeba wake sokoni na kwenye daladala.

Tena kuna mama mkwe. Nikisema ukweli wote, nitasema pia nani aliniambia nilale, na mume wangu ni mtoto wake wa mwisho. Yeye si mtu mbaya, Mama. Alinilea kama binti yake tangu naolewa, sasa amezeeka na miguu inamsumbua, na nadhani anamlaumu mkunga kwa nguvu zote kwa sababu lawama hiyo isipotua kwa mkunga itakuja kwake. Huenda anajua. Mara mbili nimemkuta ameketi karibu na ule mgomba bila jembe wala panga. Tangu mimba hii ianze ananiuliza kila jioni kama mtoto amecheza, na ile habari ya kujikusanya hajaitaja tena.

Ninachokuomba, basi, ni unisaidie kujua pa kuanzia. Moyo unanituma nianze na Sista, kwa kuwa ndiye niliyemkosea, lakini akilini naona wa kwanza ni daktari, kwa kuwa mtoto huyu hana muda wa kungoja ujasiri wangu, na sijui kama inawezekana kuomba nionane na daktari peke yangu bila mume wangu kuhisi kuna jambo. Je, mume wangu nimweleze sasa, nikiwa katika hali hii, au nisubiri nijifungue salama? Na nikimweleza, je, naweza kusema kwamba uamuzi wa kulala ulikuwa wangu, nikamwacha mama yake nje, au huo nao utakuwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza? Kisha kuna kamati, ambayo wajumbe wake wengine wamekwisha kubadilika. Je, barua yangu ya kueleza kilichotokea itamfaa Sista, au itamfufulia maneno ambayo watu walikuwa wameanza kuyasahau? Nimewahi kufikiri nimuulize yeye mwenyewe anataka nini, lakini hilo nalo linahitaji kwanza nigonge mlango wake.

Hudhurio langu lijalo ni Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao, na mume wangu amekwisha kuomba ruhusa kazini ili tuende pamoja. Nitashukuru nikipata majibu yako kabla ya siku hiyo.

Ni mimi,
Mama wa Moshi