Tulilipia kilima, tukauziwa kuku

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa chapati hapa Bombo, si mtu wa kuandikia magazeti. Barua yangu ya mwisho nilimwandikia mwalimu mkuu, nikimwomba anivumilie ada ya mtoto. Lakini hili limenikaa kooni tangu Jumapili ya juzi, na wenzangu wa kikundi wamesema nisipoandika mimi hakuna atakayeandika.

Kikundi chetu kina akina mama 22. Kila Jumamosi tunaweka akiba, na mwisho wa mwaka tunagawana. Mwaka huu tukasema kabla ya kugawana tutoke walau siku moja tuione nchi, maana wengi wetu Uganda tunaijua kwa kambi za jeshi tu: Mbuya, Gulu, Moroto, popote mume alipohamishiwa. Mmoja wetu akaleta karatasi ya kampuni ya matembezi. Safari ya siku moja na mwongozaji, hadi kilima kitakatifu cha Mubende kwenye hekalu la kale la Nakayima, chakula cha mchana humo humo, shilingi 95,000 kwa kichwa. Kwenye karatasi mti umechapwa mkubwa, na watu chini yake wadogo kama siafu. Tukalipa.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: pale hakuna hekalu la mawe. Hekalu ni mti wenyewe. Anayetegemea nguzo na ngazi atarudi na malalamiko, ila yangu mimi si hayo.

Tuliondoka Bombo saa kumi na moja alfajiri kwa kosta, tukapita baipasi ya kaskazini mpaka Busega, tukashika barabara ya Mityana. Kutoka Kampala hadi Mubende ni kama kilomita 150. Mwongozaji alikuwa kijana mpole, shati jeupe, kipaza sauti mkononi, na Kiingereza chake kilikwenda kasi kuliko kosta. Nyuma nilikoketi walikuwapo mama wa Arua, wa Koboko, wa Soroti na Waacholi wawili. Wote tunaongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kambini, ndiyo lugha tunayogombania zamu ya bomba la maji. Tukamwomba aongee Kiswahili hata kidogo. Akacheka, akasema hicho ni cha wanajeshi. Tangu mwaka 2005 katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe mashuleni. Lakini hayo niliyameza, nikaanza kuwatafsiria wenzangu kwa sauti ya chini.

Tulipokaribia Mityana akatuonyesha upande wa Ziwa Wamala. Akasema ni ziwa, lina samaki. Basi.

Kilima kiko kilomita chache kutoka mjini Mubende. Tulifika juu saa tano na robo. Mwenzetu mmoja, mlokole, alikataa kushuka kwenye gari, akabaki na Biblia yake akituombea. Simlaumu. Mimi ni Mwislamu, Mnubi, nasali swala zangu tano, na sikwenda kuuomba mti kitu chochote. Lakini nyumba ya mtu unaweza kuingia ukavua viatu bila kuhamia.

Huo mti, Mhariri, picha imeuonea. Una urefu wa kama mita 40, lakini urefu si kitu, miti mirefu tumeiona. Ajabu iko chini. Mizizi imepanda juu ya ardhi kama kuta, mingine inanizidi kimo, imebana vyumba katikati yake, na kila chumba kina mwenyewe katika mizimu: hiki cha Ndahura, kile cha Mukasa, kile cha Kiwanuka. Sakafu zimefagiliwa na kutandikwa majani makavu. Kuna makaa yanafuka polepole, kikapu kidogo chenye sarafu na punje za kahawa, yai, kiko cha tumbaku. Ukuta wa mzizi umelainika kwa mikono ya watu kama mpini wa jembe la zamani. Nikaweka kiganja. Palikuwa na baridi, ingawa jua lilishapanda.

Mwongozaji akasimama akiwa na viatu vyake, akasema mti una miaka mia kadhaa, ni mahali pa Baganda pa kuabudia, tafadhali picha. Kwenye kundi letu yumo Mnyoro mmoja wa Hoima, mkimya sana. Huyo nikamwona anakunja uso. Buwekula, yaani Mubende yote hiyo, ni moja ya zile kaunti ambazo Waingereza waliinyang'anya Bunyoro wakaipa Buganda. Kura ya maoni ya mwaka 1964 ilirudisha Buyaga na Bugangaizi tu. Huku hakukupigwa kura. Alinieleza hayo baadaye akinong'ona, kana kwamba ni siri, na mimi nikajiuliza kwa nini nayasikia kwake, mwenzetu muuza mboga, wakati tumemlipa mtu wa kuyasema.

Pembeni, mlangoni pa chumba kimoja cha mizizi, alikuwa ameketi bibi mtunzaji. Nguo ya gome la mti wa mutuba ameifunga begani juu ya gauni la gomesi, miguu ameikunja. Alikuwa akitutazama tunavyopiga picha, anangoja. Nikavua viatu, nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kiganda, "Jajja", yaani bibi. Wenzangu wanne watano wakanifuata, wakakaa kwenye majani.

Akaniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia Bombo. "Mwanangu, wewe ni wa kabila gani?" Nikamwambia Mnubi.

"Banange," akasema. "Babu zenu ndio waliokuja na bunduki za Wazungu kumfukuza Kabalega, mfalme wa Bunyoro."

Mwili ulinisisimka, kwa kuwa ni kweli. Marehemu baba alitusimulia tangu tukiwa wadogo: askari wa Kisudani wa gavana Emin Pasha walioachwa huko Ziwa Albert, Mwingereza Lugard akaja kuwachukua mwaka 1891, akawapanga katika ngome za Toro, kisha wakapelekwa kupigana na Bunyoro. Kabalega alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli, akafa Jinja mwaka 1923 akirudi kwao. Sisi Wanubi hadithi hiyo huwa tunaisimulia kwa upande wa bunduki. Sijawahi kukaa chini mbele ya mtu wa upande wa pili.

Jajja akachota punje za kahawa kikapuni, akanitia kiganjani. "Tafuna. Waliopigana wamekufa. Sisi tunanunua chumvi duka moja." Kisha akacheka, akaonyesha fizi.

Nikatafuna, chungu kidogo, nikaanza kuwatafsiria wenzangu, naye akaendelea. Nakayima ni cheo, si mtu mmoja. Walirithiana wanawake, mmoja baada ya mwingine, watu wa kuongea na Ndahura. Wa mwisho wa zamani zile aliitwa Nyanjara, alifariki mwaka 1907. Ndahura ni mfalme wa Bachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi, na ndiye mwenye ndui. Zamani ugonjwa ukiingia nchini, wafalme walituma watu hapa na ng'ombe. Na Wamala, mwana wa Ndahura, Mchwezi wa mwisho kutawala, ndiye mwenye lile ziwa tulilopita. Lile lenye samaki.

Aliposema ndui nilimkumbuka mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Uso wake ulikuwa na vishimo tele kama ungo wa mtama. Aliugua akiwa mtoto huko Arua, wakamjengea kibanda shambani, chakula akiwekewa mbali aje kukichukua mwenyewe. Maisha yake yote hakupenda mtu amwekee sahani chini akaondoka. Nikamwambia Jajja habari hiyo, na kwamba ndui ilitangazwa kwisha duniani mwaka 1980. Kwa hiyo sasa watu wanakuja kwa nini?

Hakujibu kwa mdomo. Akanyoosha kidole kwenye mpasuko wa mzizi. Palikuwa na kalamu mbili mpya, za bluu, zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Mtoto wa mtu anafanya mtihani.

Mama wa Soroti akaomba hadithi ya huyo Ndahura mpaka mwisho, aliishia wapi. Jajja akasogea, akashusha sauti. Ndahura alikwenda vitani mbali sana, kusini, nchi ya Ihangiro, huko Tanzania ya leo. Majeshi yamejipanga. Mchana kweupe, jua likaanza kuliwa. Ndege wakarudi viotani, ng'ombe wakalia, askari wakaangusha mikuki, giza likaingia...

Hapo kijana akapiga makofi mawili. Twende, akina mama, chakula kinapoa.

Nikamwomba dakika kumi. Akasema ratiba ni ratiba. Nikamwambia basi tano, mzee anaongea, si adabu kuinuka. Akasema kwa Kiingereza kwamba hadithi hizo anazijua zote, atatumalizia kwenye gari. Jajja hakuongeza neno. Alikusanya punje zake akazirudisha kikapuni moja moja. Nilitazama simu: saa sita kasoro dakika tano. Dakika 40 kwenye mlima tuliousafiria kutoka alfajiri, na zaidi ya nusu yake zilikwenda kwenye picha.

Chakula hakikuwa kinapoa. Chakula hakikuwa kimeiva. Tulikaa kwenye hoteli moja mjini kuanzia saa sita na robo, soda mkononi, mpaka saa nane kasoro, ndipo kuku walipoletwa, wagumu, matoke yamekauka. Tukaondoka saa nane u nusu. Sasa hesabu mwenyewe, Mhariri: Bachwezi dakika 40, kuku zaidi ya saa mbili. Na kwenye gari kijana hakumaliza hadithi yoyote. Alilala.

Nilimuuliza kabla hajalala: katika zile 95,000 zetu, Jajja anapata ngapi? Akasema kiingilio kililipwa getini. Kwa hiyo alichopata yule bibi ni noti tulizotia kikapuni sisi wenyewe, na nyingine zilikuwa za elfu moja.

Nilipokuwa msichana wa shule tulipelekwa makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, miaka mingi kabla hayajaungua usiku ule wa Machi 2010. Mwalimu wetu alikuwa mkali, mrefu, hata mkuu wa shule alimwogopa. Lakini mlangoni alivua viatu kwanza yeye, akakaa mkekani pamoja nasi, na alipoanza kuongea mtunzaji, mwalimu alinyamaza kama sisi. Mpaka leo nawakumbuka wafalme wote wanne waliolala pale, kwa mpangilio. Sikuwakumbuka kwa kuwa nina akili. Niliambiwa taratibu, na mtu wa pale pale, nikiwa nimekaa.

Sitaitaja kampuni iliyotupeleka, maana sitaki ugomvi na kijana yule huenda ana bosi anayemhesabia dakika. Ila kama wenye biashara hii wanasoma gazeti lako, wasikie. Tunapolipa kupelekwa mahali patakatifu, mwenye kutueleza ni yule anayepafagia. Kazi ya mwongozaji ni kutufikisha, kututafsiria kwa lugha tunayoielewa, kisha anyamaze. Mtunzaji alipwe kwa kazi hiyo, jina la malipo yake liandikwe kwenye risiti kama lilivyoandikwa la kuku. Kama muda ni mfupi, tukateni huko kwenye chakula. Sisi ni akina mama, chapati na chai ya chupa tungebeba wenyewe, tena chapati zangu zingekuwa laini kuliko kuku yule.

Na kijana, kama ni wewe unayesoma: vua viatu. Ukiwa Mkristo, ukiwa Mwislamu, ukiwa huna lolote, vua tu. Tulikuona.

Jumamosi tulikaa kikao. Wengine wamesema pesa imekwenda, yaishe. Tumebaki saba tuliokubaliana kurudi mwezi ujao kwa taksi ya kawaida, kwa nauli ya kawaida, tukalale Mubende usiku mmoja kwa ndugu wa yule mama wa Hoima. Yule mlokole naye anakuja, amesema safari hii atashuka mpaka getini. Mimi nimeanza kusuka kikapu cha Kinubi cha kumpelekea Jajja, chenye kifuniko, cha kutilia kahawa yake. Mama wa Soroti kila asubuhi akija kununua chapati ananiuliza kama nakumbuka tulipoishia. Nakumbuka. Jua lilikuwa limeliwa lote, na askari wameangusha mikuki.

Mama wa Chapati,
Bombo, Uganda