Mwanangu, mto wako hauendi hivyo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo, lakini ni kile kikohozi chake cha kutaka kuhurumiwa, usijali. Mswada wa riwaya yako nimeumaliza jana usiku. Kurasa 312, usiku tisa, penseli mkononi. Najua ulinipa nisome tu, hukunipa nisahihishe. Ila ulimpa mtu aliyechora ramani miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Ulitarajia nini?

Ramani ndiyo niliyoikunjua kwanza, kabla hata ya kusoma neno moja. Ni nzuri, nasema kweli. Milima umeitia kivuli upande mmoja tu kama inavyotakiwa, na majina ya mito umeyapinda yafuate maji, jambo ambalo hata kazini walikuwepo wasiojisumbua nalo. Lakini huo mto Sirwa! Unashuka mmoja kutoka kaskazini, ukifika nyumbani kwa Sengo mvushaji unagawanyika mara mbili: mkono mmoja unakwenda bahari ya mashariki, na mwingine unakatiza milima ya magharibi kwenda bahari ya huko. Unapanda mlima, mwanangu. Mto.

Maji hutafuta palipo chini. Ukiyapa njia mbili, moja itakuwa chini zaidi ya mwenzake hata kwa kidole, itachimbika, na baada ya muda itayavuta maji yote. Kwa hiyo vijito huingia mtoni, mto huingia mto mkubwa, na kugawanyika utakuona kule mwisho kwenye delta, ardhi ikiwa imelala na maji yamechoka. Najua utanitajia Casiquiare kule Venezuela, unaochota maji ya Orinoco na kuyapeleka upande wa Amazon. Ndiyo, upo. Unajulikana kwa sababu ni kioja.

Halafu nikachukua rula. Umeandika skeli ya 1:500,000, yaani sentimita moja ni kilomita tano. Kutoka kivukoni hadi Ngome ya Chumvi nimepata sentimita 24. Hizo ni kilomita 120. Mtu mwenye miguu mizuri hutembea kilomita tano kwa saa, basi Naliya, binti wa Sengo, anahitaji saa ishirini na nne bila kukaa chini hata kidogo, naye wewe umemtoa kwake jua likizama na kumfikisha jogoo wa kwanza, nguo hata hazina vumbi. Mpe farasi, au sogeza ngome.

Na sura ya 7. "Mwezi mchanga, mwembamba kama ukucha, ukining'inia utosini usiku wa manane." Nilicheka mpaka baba yako akaamka. Wewe! Wewe uliyenitoa kitandani na baridi ile, ukanisogeza kwenye darubini yako nikaziona pete za Zohali kwa jicho langu, ukanieleza kwa nini mwezi mchanga unalifuata jua nyuma nyuma na kuzama muda mfupi baada yake. Kila aliyewahi kutazamia mwezi mwandamo anajua hauna subira: uutafute magharibi upesi, ama utaukosa. Huo wa utosini usiku wa manane ni mwezi mpevu. Ulijua, tena ulinifundisha wewe. Nimerudi nyuma kuangalia, na makosa ya aina hiyo karibu yote yamo katika kurasa ambazo unaonekana unajikaza kuandika vizuri. Pale Sengo anapoziba nyufa za mtumbwi wake hakuna kosa hata moja, wala hakuna sentensi iliyojipamba. Nilinusa lami.

Sasa nikiri jambo. Ulipokuja kumalizia likizo yako hapa nyumbani, wiki ya kwanza nilikuwa nakusikitikia. Saa kumi na moja alfajiri nasikia tok-tok-tok ukutani, ile kibodi uliyoiunda mwenyewe, ukalehemu miguu ya kila kitufe kwa mkono wako kana kwamba za dukani zimeisha. Saa mbili unafunga, unaingia kwenye kazi za ofisi ulizokuja nazo ingawa uko likizo. Jioni dadu, au kidaftari cha sarufi, au darubini juu ya paa. Ukutani umebandika jedwali la miraba: siku ya maneno 400 mraba wa kijani, siku ya sifuri mraba mweupe, na miraba meupe nikaihesabu nikinyoosha shuka. Nikampigia simu shangazi yako nikamwambia, mtoto huyu ana kazi moja ya riwaya na michezo sita ya kuikimbia.

Lakini chumba chako na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na baada ya siku chache nikawa nakusoma kwa masikio. Kibodi ikienda mbio, ujue watu wanazungumza. Ikienda hatua kwa hatua, unaeleza mahali. Ikinyamaza, na baada ya dakika nikasikia krik-krik ya ule mchemraba wa Rubik, umekwama. Uliwahi kuniambia kwamba mchemraba ule, uvurugwe utakavyo, hauhitaji zaidi ya mizunguko 20 kurudi sawa, na kwamba hilo lilithibitishwa kwa kompyuta mwaka 2010. Kuna asubuhi moja nilihesabu mizunguko mia tatu na ushee, nikaacha kuhesabu, nikaenda kuinjika chai.

Siku mliyonikalisha mezani ndiyo iliyonigeuza. Mwenzenu mmoja hakuja, mkanipa mganga mzee mwenye fimbo, niwe badala yake. Nilikuwa nadhani mchezo wa dadu ni kamari. Kumbe ni hadithi mnayoitunga kwa pamoja, wewe ukiwa msimulizi na dadu ikiamua kama jaribio la mtu limefaulu. Nilirusha ile yenye pande ishirini ikaangukia moja, mganga wangu akafa darajani. Nikaigeuza, nikakuta chini yake 20, nawe ukanieleza kwamba pande zinazotazamana daima hujumlisha 21. Kwa hiyo ushindi wangu ulikuwa palepale, umelala kifudifudi. Hilo lilinisumbua usiku mzima.

Ila mimi nilikuwa nakutazama wewe kuliko dadu. Macho yako yalikuwa kwenye nyuso za watu. Yule kijana mrefu alipoanza kupapasa simu yake mfukoni, ukagonga meza: mlangoni pana mtu. Saa nne nzima tulikaa pale na hukumpoteza hata mmoja. Sasa niambie, msimulizi yule yule anawezaje kunipa, katika sura ya 3, kurasa kumi na moja za nasaba ya wafalme? Kumi na moja! Nani alimzaa nani, nani alimpindua nani, kalenda ya miezi kumi na mitatu na sababu ya ule wa kumi na tatu. Mezani ungethubutu? Yule kijana angekuwa amefika kwao.

Ajabu ni kwamba Kisirwa chako, ile lugha uliyoitunga, ambacho nilidhani ndicho kitakachonichosha kuliko vyote, ndicho kilichonishika. Nilipokiona kile kidaftari nilisema moyoni, huyu anawatungia kamusi watu ambao hawapo. Ngeli saba, vitenzi vyenye mikia. Nikafika sura ya 14, Sengo anasimama mbele ya baraza. Wanamuuliza, mjumbe yuko wapi? Naye anajibu: alizama. Mwishoni mwa kitenzi anatia -ri, kiambishi cha mtu aliyeona kwa macho yake, wakati sisi wasomaji tunajua alisikia tu, alistahili kutia -mo. Umeshatufundisha tofauti hiyo kidogo kidogo tangu sura ya 2, kwa watoto wanaogombana na wanawake wanaosengenya, bila kutukalisha darasani. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyechomoa kisu. Nami nilikuwa nimekaa kitandani mkono mdomoni kwa sababu ya silabi moja. Uliniambia zamani kwamba Kituruki kina kiambishi kinachofanya kazi inayokaribia hiyo, nikaitikia "ehe" ile ya kutaka uondoke jikoni. Nisamehe. Asiyecheza na sarufi hadi usiku asingeandika ukurasa ule, na shangazi yako nitampigia tena nifute maneno yangu.

Kuhusu kazi ya ofisini sitasema mengi, tumeshabishana vya kutosha. Wewe mwenyewe ulinitupia yule Mwingereza, Anthony Trollope, mtumishi wa posta aliyekuwa akiamka alfajiri, anaweka saa mbele yake na kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Ulimtaja ili ninyamaze kuhusu kulala kwako. Basi nami namtaja: alimaliza riwaya 47. Neno ni alimaliza.

Maana hapo ndipo ninapotaka kufika. Mswada unaishia sura ya 19. Naliya amesimama ukingoni usiku, taa mkononi, mtumbwi uko ng'ambo, ametambua kwamba baba yake alidanganya kwa silabi. Ukurasa unaofuata mweupe. Nilidhani umesahau karatasi nyumbani kwako. Nikaangalia tarehe uliyoandika pembeni: miezi minane! Katika miezi hiyo minane, kwa ninavyojua mimi tu, umeunda kibodi ya pili, umechora sarafu za Wasirwa pande zote mbili, na sura ya kwanza umeiandika upya mara ya tano. Nimeona rasimu zote tano kwenye lile boksi. Ya pili ndiyo nzuri.

Nilipoanza kazi nilipewa karatasi ya kwanza kabisa iliyokuwa yangu peke yangu. Nilianza na mshale wa kaskazini. Siku tatu, mwanangu, na wino wa rangi mbili, manyoya kwenye mkia. Kisha fremu, kisha kisanduku cha alama. Mkuu wetu alipita, akasimama nyuma yangu, akasema, "Kaskazini tumeiona. Nchi iko wapi?" Nilimchukia kama wiki mbili hivi. Ukweli ni kwamba katikati ya ile karatasi palikuwa na bonde ambalo vipimo vyake vilipingana, nami sikujua nilichore vipi, na mshale haukuwa na mtu wa kunipinga.

Nilijua pia kuhusu ile barua ya mchapishaji. Uliiacha ndani ya kamusi, mistari miwili na sahihi. Ulitoka chumbani ukaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, nami nikajifanya natafuta miwani. Nilikuwa na maneno, lakini niliogopa yasije yakawa ya kukutuliza kana kwamba umeumwa jino. Ningesema nini zaidi ya kwamba uliwapelekea sura tatu za kwanza, na ya tatu ndiyo ile ya wafalme?

Usiichome. Ihamishe tu. Yule mfalme aliyezika mwezi wa kumi na tatu ningependa kukutana naye mahali pengine, lakini kwa aya moja, na mtu mwingine awe anamsimulia huku ana haraka ya kwenda.

Baba yako naye anasoma. Yuko sura ya 11, miguu juu ya kiti, na amenipiga marufuku kusema chochote kuhusu Sengo. Anaamini ni mtu mwema. Simwambii.

Ndani ya bahasha kuna karatasi laini, ile inayopitisha mwanga. Iweke juu ya ramani yako, pembe zikutane, nimetia misalaba minne ya kukuongoza. Nimekuchorea mto upya. Badala ya mmoja kuwa miwili, miwili inakuwa mmoja: wa kaskazini umebaki palepale, na ule mkono uliokuwa ukipanda milima ya magharibi nimeugeuza, sasa unashuka kutoka humo. Milima ile ulikuwa umeichora tayari, imekaa bila kijito hata kimoja. Bahari ya magharibi nimeifuta, hukuitumia popote. Nyumba ya Sengo sijaigusa. Ila sasa haipo tena kwenye njia panda ya mto, ipo makutanoni.

Nilipomaliza kuitia wino nikaketi nikiitazama, na kuna kitu kikanijia. Mjumbe anasemekana alizama mkono wa magharibi. Kwenye ramani yako, maji yale yalikuwa yakienda zake baharini pamoja naye, hakuna wa kuuliza. Kwenye yangu, chochote kilichozama huko lazima kipite mbele ya mlango wa Sengo, hakuna njia nyingine. Na siku ile Naliya alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi hadi giza akishona nyavu, akiyatazama maji. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa 88. Hakuona kitu.

Nitumie sura ya 20, hata kama ni chafu.

Mama yako