Kabla hamjajaza alama

Muheza, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na pole na safari ya boti. Umeniuliza tulifanyaje tulipopima usimamizi wa msitu wetu, maana nanyi huko Mafia mnajiandaa kupima hifadhi ya bahari. Dodoso ni lile lile la shirika la uhifadhi WWF na Benki ya Dunia, toleo lenye maswali 30, kila moja alama 0 hadi 3. Sheria, watumishi, bajeti, mpango wa usimamizi, wanakijiji. Hayo utayaona mwenyewe.

Nikusimulie la mipaka tu. Tulikaa ofisini watu wanne, ramani ukutani, tukakubaliana 3: mipaka inajulikana na imewekewa alama. Mimi ndiye niliyeandika. Mchana akaja askari wa doria kuchukua buti zake, akasikia, akasimama mlangoni. "Dada, vigingi vya upande wa mtoni viling'olewa tangu masika. Pale tunapita kwa kukisia." Tukashuka hadi 2, na kwenye maelezo tukaandika ni upande gani na vimebaki vingapi. Ile 2 ndiyo tuliyoombea fedha za vigingi. Ile 3 ingeombea nini?

Tangu siku hiyo naogopa fomu inayojazwa na wenye funguo za ofisi peke yao. Hawadanganyi, ila wanachokiona ni mafaili. Pori la akiba la Selous, kusini mwa nchi, lilikuwa na mipaka, sheria, na hadhi ya Urithi wa Dunia tangu 1982. Tembo wake waliokuwa zaidi ya 100,000 miaka ya 1970, sensa ya 2013 iliwakuta kama 13,000, na 2014 Selous ikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo mkifika swali la mwisho, linalouliza hali ya viumbe wenyewe, msilipite kwa uchovu. Sisi tulilifikia saa kumi na moja jioni, kila mtu anataka kuondoka, na hadi leo linaniuma.

Waiteni kina mama wanaochokoa pweza, na wavuvi wa madema. Waulizeni pweza wa sasa ana ukubwa gani, na mlio wa baruti za kuvulia samaki waliusikia lini mara ya mwisho. Ila msipange kikao siku za bamvua: maji yakikupwa, hakuna mama atakayeacha mwamba aje kukaa nanyi.

Mkimaliza niandikie swali la 30 mmelipa ngapi, na nani alikuwepo chumbani.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Zawadi